Kabla Hujasema Meditesheni Imekushinda, Kagua Haya

Kazi yangu ni kutengeneza friji. Mteja mwenye friji isiyogandisha huja na hukumu yake tayari: "Fundi, kompresa imekufa." Mara nyingi kompresa ni nzima. Mpira wa mlango umelegea, au friji imesukumwa hadi ukutani haipati hewa nyuma, au mtoto kazungusha kitufe cha ubaridi mpaka mwisho. Fundi mwenye haraka huongeza gesi, hupokea hela yake, na baada ya wiki friji iko palepale.

Nilipoanza meditesheni nilikuwa mteja wa namna hiyo. Siku ya nne tu nikatoa hukumu: kichwa changu hakikuumbiwa mambo haya. Nilichelewa sana kugundua kwamba karibu hitilafu zote zilikuwa za mpira wa mlango: saa mbaya, kiti kibaya, pumzi ya kulazimisha, na neno nililolielewa vibaya. Basi nimeziandika kama ninavyofanya dukani. Dalili kwanza, chanzo baadaye, na katika vyanzo naanza na vile visivyogharimu kitu.

Zoezi ninalolisema ni moja tu, ili tusipishane. Unakaa mgongo wima, unahesabu pumzi kila inapotoka, moja hadi kumi, kisha unaanza tena moja. Ukipotea njiani, unarudi moja. Hakuna kingine.

"Nikikaa tu, mawazo ndiyo yanazidi"

Haya ndiyo malalamiko ninayoyasikia kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapa zaidi.

Kagua kwanza neno lenyewe. Kiswahili kinaliita jambo hili kutafakari, na kutafakari kwetu ni kufikiri kwa kina. Baba akikwambia "nenda ukatafakari" anataka ukalipime jambo urudi na jibu. Kwa hiyo mtu anakaa, anafumba macho, na anafanya hasa kile neno linachomwagiza: anaitafakari kodi ya nyumba, anamtafakari shemeji yake, anainuka kichwa kimejaa kuliko alipokaa. Wengine huita tahajudi. Hilo nalo lina mwenyewe. Mama yangu aliposikia nafanya "tahajudi" jua limeshachomoza alinisahihisha papo hapo, kwamba hiyo ni sala ya usiku na mimi usiku huwa nimelala. Ndiyo maana nasema meditesheni, neno la kuazima lisilo na mzigo, na kila ninapokaa nakuita kikao.

Kama hukuwa unafikiri kwa makusudi, nenda chanzo cha pili: mawazo hayajazidi, ila umezima redio. Friji hunguruma mchana kutwa na hakuna anayeisikia. Usiku wa manane, nyumba ikiwa kimya, unaamka ukidhani imeharibika. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti wa watu 2,250 waliokuwa wakiulizwa kwa simu zao, wakati wowote wa siku, wanafanya nini na wanawaza nini. Karibu asilimia 47 ya majibu yalionyesha akili haiko kwenye kile mtu anachokifanya. Na hao hawakuwa wamekaa kimya mahali. Walikuwa kazini, mezani, safarini. Akili yako ilikuwa inazurura hata jana, ila jana hukuwa unaihesabu.

Chanzo cha tatu ndicho kinachowaangusha wengi: kudhani kazi ni kukaa bila wazo. Kazi ni kurudi. Kikao changu cha kawaida huenda hivi. Moja. Mbili. Tatu. Yule mteja wa Tandika hajamalizia hela. Alisema Ijumaa. Ijumaa ipi sasa, maana nikimpigia hapokei, labda nitumie namba ya mke wangu haijui... Hapo nagutuka. Sijikaripii, wala simmalizii yule mteja hesabu yake. Nasema moja. Ule mgutuko ndio zoezi, kama kunyanyua chuma. Ukigutuka mara ishirini ndani ya dakika kumi, umenyanyua mara ishirini. Ambaye hakugutuka hata mara moja ndiye ninayemtilia shaka. Ama ni bingwa, ama alilala.

Kuna dalili ndogo pembeni ya hii: unajikuta kwenye kumi na saba, au ishirini na tatu. Ulimi wa ndani umeendelea kuhesabu kama taksimita, wewe mwenyewe uko sokoni. Dawa ni ileile, moja.

"Nasinzia"

Saa ngapi? Hilo ndilo swali langu la kwanza. Ukijibu saa nane mchana, umeshashiba wali, sina la kutengeneza. Mwili una mteremko wake wa mchana, kati ya saa saba na saa kumi hivi, hata kwa asiyekula. Ukijibu saa nne usiku juu ya kitanda, mwili umefanya ulichoufundisha miaka yote: kitanda ni cha kulala. Shuka kitandani. Hamisha saa.

Kama saa ni nzuri na bado unasinzia, fungua macho nusu, tazama sakafu kama hatua moja na nusu mbele yako, bila kukodolea kitu. Bado? Fanya kikao ukiwa umesimama, au ukitembea polepole uani ukihesabu hatua badala ya pumzi.

Ukijaribu saa tatu tofauti, siku tatu tofauti, na zote unaangusha kichwa, basi hitilafu haiko kwenye kikao. Una deni la usingizi. Lilipe kwanza. Mtu anayelala kwa muda wa saa nne au tano tu usiku mzima akiniuliza meditesheni nitamwambia akalale.

"Mguu unakufa ganzi, mgongo unauma"

Picha za mtandaoni zimetuponza hapa. Mtu amekunja miguu yote miwili juu ya mapaja, ufukweni, anatabasamu. Huyo ana nyonga zilizozoea miaka. Wewe ukijikunja hivyo unabana mishipa ya fahamu inayopita kwenye paja na pembeni ya goti, ndiyo maana mguu unaingia ganzi.

Kanuni ni moja: makalio yawe juu kuliko magoti. Ukikaa chini sakafuni flati, magoti yananing'inia juu, nyonga zinarudi nyuma, mgongo unapinda kama upinde, na baada ya dakika sita unaanza kuuma. Chukua mto wa sufi, ukunje mara mbili, ukalie ukingo wake wa mbele, si katikati. Utaona magoti yanashuka yenyewe na kiuno kinajisimamisha. Ni badiliko la kama sentimeta kumi na tano tu. Nilitumia wiki mbili nikilaumu umri wangu kumbe ni mto.

Kiti nacho ni halali kabisa. Cha mbao ni kizuri kuliko cha plastiki, maana cha plastiki kinalegea katikati na kukumeza. Nyayo zote mbili chini, mgongo usiegemee. Mke wangu hukalia kibao cha mbuzi, amekigeuza upande ule wa kukunia nazi uangalie nyuma, na anadai hakuna kiti bora duniani. Sijabishana naye.

Maumivu makali ya goti, yale ya kuchoma ndani ya kiungo, hayavumiliwi. Kunjua mguu hapohapo.

"Napata kizunguzungu, midomo na vidole vinachonyota"

Unapumua kupita kiasi. Mtu amesikia "vuta pumzi ndefu" akaifanya kazi ya mikono, anavuta na kusukuma kama mvukuto wa mhunzi. Hapo unatoa kaboni dayoksaidi nyingi kuliko mwili unavyoitengeneza. Kiwango chake kikishuka kwenye damu, mishipa ya damu ya ubongo inabana, kichwa kinakuwa chepesi na ncha za vidole zinachonyota. Wapo wanaodhani wamefika mahali patakatifu. Hawajafika popote, wamekosea kupumua tu.

Acha pumzi ijiendee. Wewe unaihesabu, huiendeshi. Kama lazima ufanye kitu, refusha kidogo kutoa, usiguse kuvuta. Ukiweka vidole kwenye mshipa wa mkono utahisi kwa nini: mapigo hukimbia kidogo ukivuta na hutulia ukitoa.

Kizunguzungu kikija hata usipokuwa kikaoni, hicho si changu. Kapime presha na damu.

"Nilianza vizuri, wiki ya pili nikasahau"

Hapa ndipo tabia hujengwa au kuvunjika, na mimi nilivunja mara tatu.

Mara ya kwanza nilisema nitakaa "nikipata nafasi". Nafasi haikuja, kama ambavyo haiji kwa mtu yeyote mwenye duka. Mara ya pili niliweka alamu saa kumi na mbili na nusu jioni. Alamu haijui kwamba saa hiyo kuna mteja amesimama mlangoni na friji yake iko juu ya mkokoteni. Niliizima siku tano mfululizo, ya sita nikaifuta. Mara ya tatu niliamua asubuhi, dakika thelathini, kwa sababu nilikuwa na hasira na nafsi yangu. Dakika thelathini zilidumu siku mbili.

Kilichoshika ni jiko. Kwetu chai ya asubuhi huchemshwa kwa mkaa. Naweka vifuu viwili vya nazi chini, mkaa juu, nawasha, naliacha jiko uani upepo ulipulize. Kukolea kunachukua kama dakika kumi, na zamani dakika hizo nilizitumia kuangalia simu. Sasa nakaa barazani. Sihitaji kukumbuka, kwa sababu chai haisahauliki nyumbani kwangu. Wa kunikumbusha ni wengi.

Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi: anayesema "kukitokea hiki, nitafanya kile" hutekeleza zaidi ya anayesema "nitajitahidi". Tafuta kitu kinachotokea kila siku bila wewe kukipangia. Baada ya salamu ya mwisho ya sala ya Alfajiri, kabla hujanyanyuka. Maji ya kuoga yakiwa yanapata moto. Ukishakaa kwenye kiti cha daladala au matatu na kulipa nauli, kama hushuki karibu. Usifunge kikao kwenye umeme wala maji ya bomba, hivyo vina ratiba zao.

Na anza kwa dakika tatu, hata kama unaona aibu. Dakika tatu hazina kisingizio.

Itachukua muda gani hadi iwe tabia? Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga tabia mpya ndogo ndogo. Kwa wastani ilichukua siku 66 kitu kufanyika bila kujisukuma, lakini kwa mmoja ni siku 18 na kwa mwingine makadirio yalifika 254. Kwa hiyo zile siku 21 zinazotajwa kila mahali zisikutie presha. Waliona pia kwamba kuruka siku moja hakubomoi kitu. Kinachobomoa, nasema mimi fundi, ni ile siku ya pili ya kulipiza, unapokaa dakika ishirini kufidia jana na kuichukia kazi nzima. Ukiruka, kesho kaa dakika zako zilezile.

"Kwangu kuna kelele"

Naishi nyumba ya kupanga, vyumba sita, ua mmoja. Ninapokaa, mama wa chumba cha tatu anafua, pampu ya maji ya nyumba ya pili inaunguruma, muuza maandazi anapita akiita, na kuna bodaboda moja isiyo na ekzosi. Nilijaribu pamba masikioni, nikaanza kusikia moyo wangu, ikawa mbaya zaidi.

Geuza kelele iwe kazi. Kwa kikao hicho acha kuhesabu pumzi, sikiliza sauti zinavyokuja na kwenda, bila kuzipa majina. Usiseme "bodaboda ya yule kijana". Sikia mngurumo ukija, ukiwa, ukipungua. Sauti isiyo na jina haina kesi.

Sauti moja tu ndiyo inavunja kikao kweli, nayo ni jina lako likiitwa. Hiyo haitengenezwi kwa zoezi, inatengenezwa kwa kusema na watu. Siku za mwanzo jirani mmoja alimvuta mke wangu pembeni kumuuliza kama nimefiwa, maana nakaa barazani nimeinamisha macho siongei. Tukawaeleza wote. Sasa hakuna anayeniita mpaka sufuria iko jikoni.

Simu nayo ni kelele hata ikiwa kimya. Ukiitumia kama saa, utaifungua katikati uone dakika zilizobaki, na ukiifungua umekwisha. Igeuze kifudifudi, zima data, iweke mbali na mkono. Au tumia kijiti cha udi, kama watawa wa Zen wa Japani wanavyopimia vikao vyao. Kiwashe siku moja ukiwa na saa, ona kinakula dakika ngapi, kisha vijiti vingine uvivunje kwa kipimo chako.

"Nahofia ni ibada ya watu wengine"

Hofu hii naiheshimu, nilikuwa nayo. Kufuata pumzi ni zoezi la zamani sana katika dini ya Kibuddha, hilo halifichiki. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alilichukua, akaliondolea ibada, akawa anawafundisha wagonjwa katika hospitali ya chuo kikuu cha Massachusetts, Marekani, kozi ya wiki kadhaa, wengi wao wakiwa watu wenye maumivu yasiyopona. Kuhesabu moja hadi kumi hakuna jina la mungu yeyote ndani yake. Jihadhari na anayekupa neno la kurudiarudia bila kukwambia maana yake, muulize. Kama moyo haujatulia bado, muulize shekhe au mchungaji wako unayemwamini, tena umweleze kwa undani unachofanya, usiseme tu "meditesheni" ukamwachia akisie.

"Mwezi mzima, sioni tofauti"

Ulikuwa unatarajia nini? Nauliza kweli. Wengi wanasubiri mwanga au raha fulani, wakipata uchovu na kuboreka wanadhani mashine mbovu. Kuboreka ni kwa kila mtu. Mwaka 2014 Timothy Wilson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia waliwaacha watu chumbani peke yao dakika 15, hakuna simu, hakuna kitabu, ila kitufe cha kujipiga shoti ya umeme. Shoti hiyo walikuwa wameshaionja na kusema wangelipa hela wasiipate tena. Wanaume 12 kati ya 18 walijipiga. Wanawake walikuwa 6 kati ya 24. Mimi napigwa shoti kazini bure, sijawahi kuitamani, lakini nawaelewa.

Usitarajie makubwa pia. Mwaka huohuo jarida la JAMA Internal Medicine lilitoa uchambuzi wa majaribio 47 yenye washiriki 3,515. Waliona nafuu ndogo hadi ya wastani kwenye wasiwasi, huzuni na maumivu, na hawakuona ushahidi kwamba meditesheni inashinda dawa au mazoezi ya mwili. Kwa hiyo kama daktari amekupa vidonge vya presha, meza vidonge. Kama unacheza mpira Jumamosi, endelea kucheza.

"Nikifumba macho hofu inapanda"

Hapa sitanii. Kama kikao kinakuletea kumbukumbu za tukio baya ulilopitia, moyo unakimbia, au unajiona kama hauko ndani ya mwili wako, simamisha. Fungua macho. Bonyeza nyayo sakafuni, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona, nenda kaongee na mtu. Si wewe tu. Willoughby Britton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Brown walichapisha mwaka 2017 maelezo ya wanaofanya meditesheni yakiwemo haya haya, pamoja na kukosa usingizi. Usikae muda mrefu zaidi ukidhani utaivuka. Ikijirudia, achana na zoezi na umwone daktari au mshauri wa afya ya akili. Kutembea, kufuma mkeka, kumwagilia bustani kunaweza kukufaa zaidi.

Madogo madogo

Mate yanajaa mdomoni: meza. Pua inawasha: hesabu pumzi tatu, ikiwa bado inawasha, ikune. Mbu si mtihani wa subira. Alfajiri na usiku kaa ndani ya chandarua au vaa nguo ndefu.

Mtoto akija kukukalia mapajani, mwache, endelea kuhesabu. Wa kwangu ana miaka minne. Hukaa kama dakika moja na nusu, hunishika kidevu kuangalia kama nimelala, halafu husimama mlangoni, mbali na jiko kama alivyofundishwa, ananitangazia kwamba mkaa umekolea.